Kabla ya Kununua Mashine ya Kuoshea Vyombo



Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Ilford, kuanzia Ilford Lane mpaka Seven Kings na Goodmayes, umefika wakati wa kutengeneza jiko upya. Kabati za zamani zinang'olewa, vigae vipya vinabandikwa, na fundi akishamaliza kupima huuliza swali moja linalozua mjadala wa familia nzima: hapa chini ya kaunta tuache nafasi ya mashine ya kuoshea vyombo, au tuweke kabati? Baba anauliza bei. Mama anasema yeye ana mikono miwili na yote mizima. Bibi aliyekuja kututembelea kutoka Unguja au Mombasa anataka kujua kama hilo sanduku linasuuza au linazungusha uchafu uleule. Binti, ambaye kila siku ndiye anayebaki kwenye sinki wenzake wakiwa sebuleni, hasemi kitu, lakini yeye ndiye mwenye hamu kubwa ya kulisikia jibu.

Tumeona tuliandike jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu bei na umeme ni sehemu yake tu. Nyuma ya kila sahani safi kuna mtu aliyeiosha, na historia ya watu hao inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Mwenye kuijua, tunaamini, ataingia dukani na macho mengine.

SINIA, JIVU NA MIKONO YA WATU

Tuanzie kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, aliandika namna alivyokirimiwa: wali uliopikwa kwa samli ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ni sinia yetu hiyohiyo, ila ya mbao, ile ambayo baadhi yetu bado tunaiita chano. Watu wanaokula pamoja katika chombo kimoja hawana vyombo vingi vya kuosha, na hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye vipimo vya mashine. Sahani na bakuli za kauri zilizoletwa na majahazi kutoka Uchina na Uajemi zilikuwa mali ya fahari. Zilipangwa katika vidaka vya kuta za nyumba za mawe, na nyingine zikapachikwa hata kwenye makaburi, kama yale ya Mambrui karibu na Malindi na ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam.

Vyombo vya kupikia viliosh­wa kwa jivu, mchanga, makumbi ya nazi na dodoki. Wengine wetu husema kuosha, wengine kukosha, lakini jivu lilikuwa moja. Wala tusilicheke. Jivu la kuni likichanganyika na maji hutoa dawa ya jamii ya magadi, ambayo hushika mafuta na kuyageuza kuwa kama sabuni, ndiyo maana sufuria iliyosuguliwa kwa jivu haitelezi mkononi. Vidonge vinavyotiwa katika mashine leo navyo vina magadi ndani yake, na kazi yao ni ileile. Bibi akiambiwa kwamba kidonge kile ni mjukuu wa jivu, hataambiwa uongo.

Lakini jivu halisugui lenyewe. Katika majumba ya wenye uwezo ya Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, kazi hiyo ilifanywa na watumwa, na wengi wa hao wa jikoni walikuwa wanawake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka amri ya mwaka 1897. Hata hapo ilibidi mtumwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hatuyataji haya kwa kufukua makaburi. Tunayataja kwa sababu kazi ya kuosha vyombo ilibakia na dharau aliyodharauliwa yule aliyelazimishwa kuifanya, na sheria iliyomwachia mtu huru haikuiondoa dharau hiyo. Kazi ikahama kutoka kwa mtumwa ikaenda kwa mtumishi, kwa mtoto wa kulelewa aliyeletwa mjini kutoka shamba, na kwa binti wa nyumba.

WAJANE WAWILI WA MWAKA 1886

Mwaka 1886 wanawake wawili, ambao hatujui kama waliwahi kusikiana, walifanya mambo mawili ambayo sisi wa Ilford tunaweza kuyaweka pamoja.

Wa kwanza twamfahamu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, aliondoka kwao akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani mwaka 1867, akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alifariki Hamburg mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi asiyoizoea na bila urithi wa kwao alioutarajia. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya mtu wa kwetu kuhusu maisha ya ugenini. Mtoto huyu wa jumba la kifalme, ambaye kwao kila kazi ilikuwa na mtu wake, alilazimika kujifunza kuendesha nyumba ya Kizungu kwa fedha kidogo. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa wa kwao. Ndivyo ilivyo: mtu anaweza kuonja uzito wa kazi, na bado asimwone aliyekuwa akimbebea kazi hiyo zamani.

Wa pili ni Josephine Cochrane wa Shelbyville, katika jimbo la Illinois, Marekani. Huyu alikuwa na sahani za kauri za thamani alizozienzi sana, na watumishi wake walipoziosha walikuwa wakizimega kingo. Akaanza kuziosha mwenyewe, akaichukia kazi, akaazimia kubuni mashine. Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni, na jambo lililokuwa la anasa likageuka kuwa la riziki. Kwa msaada wa fundi aitwaye George Butters alitengeneza chombo cha duara chenye vichanja vya waya vilivyopimwa kwa sahani na vikombe, maji ya moto yenye sabuni yakirushwa juu yake kwa nguvu. Hati ya ubunifu wake ilitolewa tarehe 28 Desemba 1886.

Kabla yake walikuwapo wengine. Joel Houghton wa Marekani alipata hati mwaka 1850 kwa mashine ya mbao iliyozungushwa kwa mkono na kuvimwagia vyombo maji, lakini haikusafisha vizuri. Jambo ambalo Bi Cochrane alilifahamu ni kwamba kinachoosha ni msukumo wa maji, na sahani yenyewe itulie mahali pake. Kila mashine iliyoko madukani Ilford leo inafuata kanuni hiyo.

Tazameni pia kilichomsukuma. Mwanzoni alikuwa akizihurumia sahani, na waliokuwa wakiziosha hawakuwa wamemwingia moyoni. Huruma kwa mikono ya mtu ilikuja baadaye, na mara nyingi ilikuja kama tangazo la biashara.

KUTOKA HOTELINI MPAKA NYUMBANI

Mashine hiyo haikuanzia majumbani. Wateja wake wa kwanza wakubwa walikuwa hoteli za Chicago, Palmer House na Sherman House, na katika maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893 ilifanya kazi mbele ya umma na kupata tuzo. Nyumbani ilikwama kwa sababu mbili. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kuitosheleza, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Bi Cochrane alifariki mwaka 1913, na kampuni yake ikanunuliwa na Hobart mwaka 1926. Huku Uingereza, William Howard Livens, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa amebuni mitambo ya kurushia gesi ya sumu na moto, alikuja na mashine ndogo ya nyumbani mwaka 1924. Ilikuwa na mlango wa mbele, kichanja cha waya na mkono unaozunguka kurusha maji, yaani karibu kila kitu tunachokiona leo. Mwaka 1929 Miele ya Ujerumani ikatoa mashine ya umeme. Hata hivyo, mpaka leo ni takriban nusu tu ya nyumba za Uingereza zenye mashine hii, kwa hiyo asiyekuwa nayo asijione yuko nyuma ya dunia.

Nyumba zetu za Ilford nazo zina la kusema hapa. Mji huu ulikua kwa kasi ya ajabu: mwaka 1901 ulikuwa na watu kama 41,000, na mwaka 1911 kama 78,000. Mjenzi mmoja mkubwa alikuwa Cameron Corbett, Mskoti na mbunge, aliyejenga mitaa mirefu ya nyumba zilizoungana upande wa Seven Kings na Goodmayes, na vituo vya reli vya sehemu hizo vikafunguliwa mwaka 1899 na 1901. Anayeishi katika nyumba ya wakati huo akitazama nyuma, atakuta chumba kidogo baada ya jiko, chenye sakafu ya chini kidogo na dirisha la kuelekea uani. Hicho kilikuwa chumba cha kuoshea vyombo na nguo, kilichotengwa ili maji machafu, mvuke na mtu anayefanya kazi hiyo visionekane mbele. Sisi tulikuwa na uwani, wao walikuwa na chumba hicho, na sababu haikutofautiana sana.

Mwaka 1911 zaidi ya wanawake milioni moja wa nchi hii walikuwa watumishi wa majumbani. Vita mbili zikawafungulia kazi za viwandani na maofisini, nao hawakutaka kurudi. Mama wa nyumba wa Kiingereza akajikuta peke yake kwenye sinki, na hapo ndipo mashine zikaanza kutangazwa kwake kama ukombozi. Kuta za vyumba vile vya nyuma zikabomolewa, likawa jiko moja kubwa, na mahali aliposimama mtumishi ndipo fundi wetu wa leo anapotuuliza kama tunataka mashine au kabati.

BOI, BOKSI NA ROBOTI

Wakati mtumishi akitoweka Ilford, kule kwetu aliongezeka. Masetla na maofisa wa Kiingereza waliokuja Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar walikuta mtumishi wa bei ambayo huku Uingereza haikuwapo tena. Watumishi hao wengi walikuwa wanaume, wakiitwa "boi" hata walipokuwa na mvi. Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanaume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha chuma. Aliyeosha sahani za chai alfajiri alikuwa na namba kama mashine yenyewe. Baada ya uhuru bwana alibadilika rangi, lakini neno "boi" halikuondoka mara moja, na msichana wa kazi anayelala jikoni hajaondoka mpaka leo.

Kisha tukaja sisi. Mtu wa kwetu aliyefika London, awe mwanafunzi, baharia, mkimbizi au mtafuta maisha, mara nyingi kazi yake ya kwanza ilikuwa nyuma ya jiko la hoteli. Katika lugha yetu ya ughaibuni tumezoea kuziita kazi zote za namna hiyo "kubeba boksi", lakini wengi hawakubeba boksi lolote, waliosha masufuria. Miongoni mwao walikuwamo walimu, makarani na watu wenye shahada. Kule nyumbani walituma picha wakiwa wamevaa koti mbele ya Big Ben, na hakuna aliyetuma picha akiwa na aproni ya plastiki. Mwaka 1999 ndipo kima cha chini cha mshahara kilipoanza katika nchi hii, pauni 3.60 kwa saa kwa mtu mzima.

Na huko ndiko wengi wetu tulikoijua mashine kwa mara ya kwanza. Ile ya hotelini ni mtoto halisi wa Bi Cochrane. Unaingiza kichanja upande mmoja, unashusha kifuniko, na baada ya dakika chache kinatoka upande wa pili kikifuka mvuke, kwa kuwa maji yake ya mwisho hufikia nyuzijoto 80 na zaidi. Mashine hiyo haikumpumzisha mwoshaji. Ilimharakisha. Alisimama kwenye ncha zake zote mbili, akikwangua na kupanga upande huu, akitoa na kupangusa upande ule, na kasi ikawekwa na chuma. Basi mzee akisema kwamba hataki kuiona mashine ile nyumbani kwake, tusimwone mshamba. Huenda anaijua kuliko sisi.

Upande mwingine wa habari hii uko Ghuba. Maelfu ya wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanakwenda Oman, Saudia na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, na wengine wao ni dada zetu na shangazi zetu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza habari za pasi kuzuiwa, mishahara kukatwa na saa za kazi zisizo na mwisho. Ripoti ilipewa jina linalomaanisha "Kufanya Kazi kama Roboti". Jina hilo latosha. Miaka zaidi ya 130 baada ya hati ya Shelbyville, mashine ikiwa imeshajaa madukani, bado kuna nyumba ambamo mtu ndiye mashine, kwa kuwa gharama yake ni ndogo zaidi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa haki za wafanyakazi wa nyumbani, namba 189, mwaka 2011. Kupitishwa ni jambo moja, na kufika kwenye sinki ni jambo jingine.

JE, INASUUZA?

Sasa tumjibu Bibi, maana swali lake ni la maana kuliko yote. Sisi tumelelewa kwamba chombo hakijawa safi mpaka kipitiwe na maji mapya. Tulipofika Uingereza tukastaajabu kuona mwenyeji anajaza beseni maji ya moto na sabuni, anaosha vyote humo, kisha anavipanga vikauke na povu lake. Tulidhani ni uvivu, kumbe ni desturi, na desturi hiyo inaonekana hata katika hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu 113 wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya walaji 12 waoshe kwa mkono kama walivyozoea kwao. Kwa wastani mtu alitumia maji lita 103. Waingereza walitumia kama lita 63, na Wahispania na Wareno, wenye kupenda bomba liwe wazi, kama lita 170. Jamaa zetu wangepimwa siku hiyo, tunashuku wangekaa karibu na Wareno.

Mashine ya kisasa hutumia kiasi cha lita 10 kwa mzunguko wa kubana matumizi. Haba hiyo inatosha kwa sababu maji hayatoki bombani muda wote. Yanavutwa kidogo, yanarushwa tena na tena kupitia chujio, kisha yanamwagwa yote, na mengine mapya yanavutwa kwa kusuuza. Kwa hiyo Bibi alikuwa na haki kwa nusu: ndani ya hatua moja maji yanazunguka, lakini kusuuza ni kwa maji mapya, na ya mwisho huwa ya moto. Masuala ya tohara tunawaachia wanazuoni, nao wapo wengi Ilford wa kuulizwa.

TUNAPOCHAGUA

Tukishayajua hayo, tuingie dukani.

Kwanza, maji. Maji ya upande huu wa London yana chokaa nyingi, kama anavyojua kila anayeitazama birika yake kwa ndani. Ndugu zetu waliolelewa kwa maji ya visima vya mawe ya matumbawe hawatashangaa. Chokaa hiyo huacha ukungu mweupe kwenye glasi na kuziba matundu ya mikono inayorusha maji. Mashine za Ulaya zina kifaa cha ndani cha kulainisha maji, ambacho hufanya kazi kwa chumvi maalumu ya chengachenga. Hakikisheni kifaa hicho kimerekebishwa kulingana na ugumu wa maji ya hapa, na chumvi isikosekane, hata kama pakiti ya vidonge inadai kwamba kila kitu kimo ndani. Chumvi ya chakula isitiwe.

Pili, ukubwa. Mashine ya kawaida ina upana wa sentimita 60, nyembamba ina 45, na ziko ndogo za kuwekwa juu ya kaunta. Wenyeji huzipima kwa idadi ya walaji, 9 au 10 kwa nyembamba na 12 mpaka 14 kwa kubwa, lakini mlaji wao ana sahani tatu, kikombe, kisosi, glasi, visu na vijiko. Mlaji wetu ana nafasi yake kwenye sinia na bakuli la mchuzi katikati. Hesabu hiyo haituhusu sana. Chukueni sinia yenu na sufuria ya pilau mwende nazo dukani, mfungue mlango, mvute kichanja cha chini na mjaribu kuvipanga. Muuzaji akicheka, acheni acheke. Tafuteni mashine ambayo kichanja chake cha juu kinapandishwa au kutolewa, na vijiti vya cha chini vinalazwa.

Tatu, jueni kisichoingia. Chano, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi na kila cha mti kitapasuka. Sufuria za alumini zitageuka nyeusi kwa ukali wa dawa. Chungu cha udongo kitakunywa sabuni, na vikombe vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu vitapoteza dhahabu yao. Katika jiko la Kiswahili, basi, sehemu kubwa ya vyombo itaendelea kuoshwa kwa mkono, na anayewaambia kwamba sinki litastaafu anawadanganya.

Nne, lebo. Tangu Machi 2021 kipimo cha matumizi ya umeme kimepangwa upya kuanzia A mpaka G, na masharti yake ni makali, kwa hiyo mashine yenye D au E inaweza kuwa nzuri tu. Lebo hiyo huonyesha pia lita za maji kwa mzunguko mmoja, umeme kwa mizunguko 100, na kelele kwa desibeli. Katika nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, kelele si jambo dogo, hasa kwa wanaotaka kuiwasha usiku. Msiiwashe ikiwa nusu. Haba na haba hujaza kibaba, nayo mashine hutumia karibu kilekile ikiwa na sahani tano au hamsini.

Tano, nyumba ni ya nani. Waliopanga wasikate kabati bila idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mashine ya kusimama peke yake huhama na mwenyewe. Iliyojengewa ndani ya kabati hubaki na jiko. Na kabla ya kulipa, waulizeni waliokwisha kuitumia kama vipuri vyake vinapatikana, maana rahisi ni ghali.

NANI ATAIPANGA?

Liko na tutakalolipoteza, nasi tuseme ukweli. Baada ya shughuli ya harusi au hitima, wanawake waliokaa kuzunguka mabeseni uwani walikuwa wakiosha, lakini pia walikuwa wakisuluhisha, wakicheka, wakitafuta wachumba na wakifundishana. Mengi ambayo mabinti wa zamani waliyajua ya ukoo wao waliyasikia hapo. Mashine haina kikao. Nyumba itakayoinunua itafute mahali pengine pa mazungumzo hayo, ama sivyo kila mtu atachukua simu yake na kupanda ghorofani.

Lakini tusiipambe kumbukumbu hiyo kupita kiasi. Wanaume hawakuwako kwenye mabeseni yale, na aliyekuwako hakuulizwa kama anataka. Katika historia yote tuliyoipitia, kuanzia majumba ya Unguja mpaka hoteli za London na nyumba za Ghuba, kazi hii imekwenda kwa yule asiyeweza kukataa. Mashine haiubadilishi mpango huo yenyewe. Haikwangui sahani, haijipangi, haijitoi vyombo wala haisafishi chujio lake. Ikiwa binti aliyekuwa akiosha ndiye huyohuyo atakayepanga, atakayetoa na atakayebaki na sufuria za alumini, basi tumetumia mamia ya pauni kumnunulia kazi ya namna nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu fundi, familia ikae na igawane zamu: nani anapanga, nani anatoa, nani anatia chumvi, na nani anasugua vile visivyoingia. Majina ya wavulana yawemo, na la baba liwemo. Mgeni wa siku mbili tu ndiye asiyepewa jembe, nasi Ilford hatuna siku mbili tena.

Tunamalizia kwa ombi. Wazee wetu waliofanya kazi nyuma ya majiko ya hoteli na mikahawa ya London wanapungua kila mwaka, na habari zao hazijaandikwa. Wajukuu wawaulize sasa, wakati bado wako nasi, walianza mwaka gani, waliosha wapi, walilipwa nini na nani alikuwa mwenzao zamu ya usiku. Wayaandike, na tukijaaliwa tutayachapisha katika kurasa hizi.